Uzoefu Wangu wa Mafunzo kwa Vitendo kwa Promota wa Muziki wa Jukwaani

Kazi ya kuandaa shoo za muziki kwa nje inaonekana ni mabango na wasanii. Kwa ndani ni taarifa: nani anafika saa ngapi, anahitaji nini, tiketi ngapi zimeuzwa, nani amelipwa. Katika mafunzo yangu nilijipangia jambo moja, nalo lilinibeba hadi mwisho: kila shoo iwe na hati moja tu yenye taarifa sahihi, na bango, ukurasa wa tiketi, ratiba ya siku na hesabu ya mwisho vyote vichote humo. Taarifa zikikaa kwenye meseji za watu watano tofauti, lazima zitapingana.

Hati nilianza kuijaza mapema, lakini sikutangaza chochote mpaka tarehe ithibitishwe. Ukumbi unaweza kushikiliwa kwa tarehe ileile na mapromota wawili au watatu waliopanga foleni. Aliye wa pili akiwa tayari kulipa, wa kwanza huulizwa athibitishe au aachie. Kwa hiyo tarehe iliyoshikiliwa bado si yako. Nilisubiri mkataba wa ukumbi na wa msanii visainiwe, na malipo ya awali yapokelewe.

Kisha ikaja hesabu, na hapa ndipo mwanafunzi anapaswa kukaa muda mrefu kuliko kwenye mitandao ya kijamii. Chukua ukumbi wa watu 300. Kwanza uliza kama idadi hiyo inajumuisha wafanyakazi na wasanii. Halafu ondoa nafasi zinazoliwa na meza ya fundi sauti, tuseme 20, na za orodha ya wageni, tuseme 20 nyingine. Zinabaki tiketi 260 za kuuza. Jumlisha gharama zote: ukumbi, malipo ya msanii, vyombo vya sauti na taa, ulinzi, matangazo, usafiri na malazi. Gawanya kwa kiasi kinachobaki katika kila tiketi baada ya kodi na makato ya mfumo wa mauzo. Wengi hugawanya kwa bei iliyoandikwa kwenye tiketi, wakajiona salama wakati hawako salama. Jibu likiwa 156, shoo inarudisha gharama zake ikiuza asilimia 60. Likivuka 195, yaani asilimia 75, mimi ningependekeza gharama zipunguzwe kabla ya kusaini, kwa sababu mvua au shoo nyingine usiku huohuo inatosha kula kilichobaki.

Soma pia namna msanii anavyolipwa. Mkataba wa kawaida humpa kiasi cha uhakika au asilimia ya mapato baada ya gharama, mara nyingi 80 au 85, kile kitakachokuwa kikubwa zaidi. Havijumlishwi. Nilipoandaa makadirio niliweka safu tatu: mauzo ya nusu ukumbi, ya robo tatu, na ukumbi kujaa. Hapo ndipo unaona asilimia inaanza kuzidi kiasi cha uhakika kuanzia tiketi ya ngapi.

Kwenye bango, jina la msanii lisomeke kutoka upande wa pili wa barabara. Yanayofuata ni siku na tarehe, ukumbi, saa ya kufungua milango, na mahali pa kununua tiketi. Kosa la kawaida kuliko yote ni siku ya wiki kutolingana na tarehe, kwa hiyo nilizikagua kwa kalenda kila mara mchoro uliporekebishwa. Bango la A3 ni milimita 297 kwa 420. Ongeza milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukatwa, na picha ziwe na nukta 300 kwa inchi. Rangi zinazong'aa kwenye skrini, hasa kijani na bluu kali, hufifia kwenye karatasi, hivyo chapa nakala moja ya majaribio kwanza. Msimbo wa QR uachiwe ukingo mtupu wenye upana wa angalau vijiraba vinne vya msimbo wenyewe. Mbunifu akiupachika juu ya picha bila ukingo huo, simu nyingi hazitausoma.

Mauzo ya tiketi hayapandi kwa mstari ulionyooka. Hupanda siku ya tangazo, hulala katikati, kisha huamka wiki ya mwisho. Ukijua hilo hutatapanya bajeti ya matangazo katikati kwa hofu. Niliigawa sehemu mbili, moja ya siku za kwanza na kubwa zaidi ya siku kumi za mwisho, na kila njia ya matangazo nikaipa kiungo chake cha kununulia: ukurasa wa msanii, ukurasa wa ukumbi, barua pepe, bango la karatasi. Bila viungo tofauti utajua umeuza, lakini hutajua kilichouza ni nini.

Wiki mbili kabla ya shoo nilimpigia meneja wa bendi na kuthibitisha mambo yote ya kiufundi. Niliuliza idadi ya watu na ukubwa wa gari, kisha nikaueleza mlango wa kuingizia vyombo na kama kuna ngazi. Nikaomba mchoro wa jukwaa na orodha ya chaneli: namba, chombo, maikrofoni, stendi. Kwenye orodha hiyo angalia kama kibodi na besi zina viboksi vya DI, yaani vifaa vya kuunganisha chombo na miksa, maana waya mrefu wa kawaida huokota mvumo, na kama kuna maikrofoni za kondensa, ambazo huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye miksa. Uliza monita wanazotaka, yaani spika za kujisikilizia jukwaani, ni ngapi. Umeme wa sauti utenganishwe na wa taa, la sivyo spika zinaweza kuvuma kila taa zinapopunguzwa. Mzio wa vyakula nao uandikwe. Hilo si jambo dogo.

Siku ya shoo, msanii mkuu hujaribu sauti kwanza na wa kufungua hujaribu mwisho, kinyume na mpangilio wa kupanda jukwaani. Hivyo vyombo vya anayefungua hubaki mbele tayari kwa kuanza. Ubaya ni kwamba msanii mkuu akichelewa, muda unaoliwa ni wa yule mdogo. Kwenye ratiba nilimwekea dakika 15 zisizoguswa, angalau aangalie kila chaneli inapitisha sauti. Milango saa 1 usiku, wa kufungua saa 2 kwa dakika 30, dakika 20 za kubadilisha vyombo, msanii mkuu saa 2:50 kwa dakika 90, na ukumbi kunyamaza saa 4:30. Zinabaki dakika kumi tu za akiba, na promota huzilinda kwa nguvu, kwa kuwa kupitisha muda wa mwisho kunaweza kuleta faini.

Mlangoni, intaneti husuasua pale watu wanapojaa. Pakua orodha ya tiketi kwenye simu za kukagulia mapema. Lakini simu mbili zisizo na mtandao haziambiani. Tiketi moja iliyonakiliwa inaweza kuingiza watu wawili kupitia milango miwili. Mtandao ukikata, baki na mlango mmoja wa tiketi. Orodha ya wageni nilikuwa naifunga muda wa saa mbili kabla ya milango kufunguliwa, naichapa kwa alfabeti, na anayetaka kuongezwa baada ya hapo anampigia promota mwenyewe. Mwanafunzi asibebeshwe uamuzi huo.

Hesabu ya mwisho hufanyika usiku huohuo, msanii mkuu akiwa bado jukwaani au mara tu anaposhuka. Leta ripoti ya mauzo, idadi ya walioingia, tiketi za bure, na risiti ya kila gharama inayokatwa kabla ya asilimia. Gharama isiyo na risiti meneja ana haki ya kuikataa. Kesho yake orodha ya nyimbo zilizopigwa hutumwa kwa chombo kinachokusanya mirabaha ili watunzi walipwe, na mauzo ya kila siku yanahifadhiwa kwenye hati ileile. Promota akitaka kumrudisha msanii huyo, atalinganisha siku kwa siku, na atajua mapema kama tiketi zinakwenda au zimekwama.