Swali Lenye Kiasi, Mahali na Tarehe

Swali la kwanza ambalo mtaa wetu uliwahi kulifikisha Bungeni liliuliza Serikali ina mpango gani wa kujenga upya daraja dogo la waenda kwa miguu lililochukuliwa na mvua za masika. Tuliliandika wenyewe, wajumbe wanne wa kamati, tukiwa tumekaa barazani kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, katika upande huu wa Dar es Salaam ambako vijito vyote huteremkia Mto Msimbazi. Mbunge alilipokea, akaliwasilisha, nalo likajibiwa. Jibu lilisema kwamba Serikali inatambua umuhimu wa daraja hilo kwa wananchi, hasa wanafunzi, na kwamba litajengwa kadiri fedha zitakavyopatikana. Siku ile tulifurahi sana, na mimi niliyekuwa katibu nililisoma jibu hilo kwa sauti mbele ya wakazi. Masika mawili yalipita baada ya hapo, na wadogo waliendelea kuvushwa mgongoni kila asubuhi ya mvua.

Ilinichukua muda kukubali kwamba jibu lile lilikuwa sahihi kwa swali tulilouliza. Tuliuliza mpango, tukapewa mpango. Hatukuuliza ni kiasi gani kimetengwa, hatukulitaja daraja kwa mahali lilipo, na hatukutaka kujua kazi itaanza mwezi gani wa mwaka gani wa fedha. Hapakuwa na neno hata moja katika jibu ambalo tungeweza kulirudia baada ya mwaka na kusema kwamba hili halikutimizwa. Tangu hapo nimekuwa nikisoma Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, ambazo wengi wetu tunaziita Hansadi, nikizingatia sehemu ya maswali kuliko hotuba, nami nimefikia imani kwamba umbo la swali huamua nusu ya jibu kabla waziri hajasimama.

Haki yenyewe ya kuuliza ina msingi imara. Ibara ya 63 ya Katiba ya mwaka 1977 inalitaja Bunge kuwa chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali, na katika kuorodhesha njia za kutimiza kazi hiyo inaanza na ile ya kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Katika orodha hiyo swali linatangulia mjadala wa utekelezaji wa kila wizara wakati wa mkutano wa bajeti, linatangulia mipango ya maendeleo, na linatangulia hata kutunga sheria na kuridhia mikataba. Ninapopita karibu na Ukumbi wa Karimjee, ambamo Bunge letu lilikaa kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Dodoma, hukumbuka mpangilio huo wa ibara, kwa sababu unaonyesha kwamba waandishi wa Katiba hawakuliona swali kuwa kitu kidogo cha kujazia muda wa asubuhi.

Anayesikiliza kipindi cha maswali anaujua mwendo wake. Swali lina namba na limechapwa. Mbunge husimama na kuomba swali lake lipatiwe majibu. Waziri, au mara nyingi zaidi naibu waziri kwa niaba ya waziri, husoma jibu lililoandaliwa. Mbunge hupewa nafasi ya maswali mawili ya nyongeza, na wengine wachache huongeza yao iwapo Spika ataona muda unaruhusu. Katika mwendo huo, maneno yanayorudi mara nyingi kuliko yote ni “Je, Serikali ina mpango gani.” Nayaelewa, kwa sababu mbunge anayeuliza mpango anataka kurudi jimboni na habari njema. Lakini ni swali linalomwomba waziri aahidi, halimtaki aeleze. Jibu lake huja kwa maneno tunayoyafahamu sote: upembuzi yakinifu unaendelea, usanifu wa kina utafuata, eneo litaingizwa katika bajeti zijazo. Hakuna uongo ndani yake, na hakuna cha kupimia pia.

Hapo ndipo ninapoona thamani ya swali linalojibiwa kwa maandishi, ambalo kwetu halipewi heshima inayolistahili. Wengi huliona kama swali lililokosa nafasi ukumbini. Mimi naliona kuwa chombo cha kazi tofauti kabisa. Chukua mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na ambayo ilisimamishwa mwaka 2023 kabla ya kurejeshwa kwa utaratibu mpya. Mbunge akitaka kujua kila halmashauri ilikopesha kiasi gani, vikundi vingapi vilipokea na kiasi gani kimerejeshwa, jibu lake ni jedwali la halmashauri 184, na hakuna naibu waziri anayeweza kulisoma mimbarani hata akipewa asubuhi nzima. Kwa maandishi linawezekana, na likishatoka, mwananchi wa Temeke anaweza kuiweka halmashauri yake kando ya ya Ubungo na kuona tofauti kwa macho yake.

Ukumbini, swali la nyongeza linapohitaji takwimu, waziri hujibu kwamba atampatia mheshimiwa mbunge majibu kwa maandishi. Ahadi hiyo ni halali na pengine ni ya uangalifu, kwani ni afadhali kuliko kutaja tarakimu kwa kukisia. Mara kadhaa nimejaribu kuyafuata majibu ya namna hiyo katika kumbukumbu za vikao vilivyofuata nisiyaone, na nikabaki kudhani kwamba yalifika mezani kwa mbunge na kuishia hapo. Jibu linalohusu fedha za umma au maji ya umma ni mali ya aliyeuliza na ya watu waliomtuma kuuliza, kwa hiyo lingepaswa kuchapishwa mahali pamoja na swali lake.

Uingereza, ambako utaratibu huu ulianza zamani, swali la kwanza linalokumbukwa liliulizwa katika Baraza la Malodi mwaka 1721, kuhusu mweka fedha wa Kampuni ya South Sea aliyekuwa ametoroka nchi. Majibu ya maandishi yaliingizwa katika House of Commons, baraza lao la wabunge wa kuchaguliwa, mwaka 1902, baada ya maswali ya mdomo kuzidi muda uliokuwapo. Leo mbunge mmoja wa huko anaweza, kwa siku moja, kuiuliza Wizara ya Afya juu ya muda wa kusubiri upasuaji, Wizara ya Uchukuzi juu ya kituo cha treni na Wizara ya Mambo ya Ndani juu ya maombi ya viza, na yote yakajibiwa na kuwekwa wazi kwa kila mtu. Kinachonivutia zaidi ni kijisentensi kinachoanzia maswali mengi ya kufuatilia: kwa kurejea jibu la tarehe fulani, kwa swali namba fulani. Kwa maneno hayo machache mbunge humfunga waziri na alichosema mwanzo, na jibu la pili haliwezi kujifanya kana kwamba la kwanza halikuwapo.

India wamekwenda hatua nyingine. Katika Lok Sabha, baraza la chini la Bunge lao, maswali ya kujibiwa kwa maandishi yanaweza kufikia 230 kwa siku moja, ilhali ya mdomo hayazidi 20, na tangu mwaka 1953 ipo Kamati ya Ahadi za Serikali ambayo kazi yake ni kuokota kila “tunalifanyia kazi” na “linaangaliwa” lililosemwa na mawaziri, kuliandika, na kuitaka wizara ilitimize ndani ya miezi 3 au ieleze sababu. Nisingependa tuige kila kitu cha wengine. Hili, hata hivyo, ningelipokea kesho asubuhi.

Nirudi mtaani, kwa sababu ndiko nilikojifunza. Baada ya masika ya pili, mzee mmoja jirani yetu, mhasibu mstaafu wa serikali, aliniita nyumbani kwake. Nilimwamkia, akaniomba nimsomee swali letu la zamani na jibu lake. Akasikiliza hadi mwisho kisha akasema, “Mwanangu, hapa hamkuuliza fedha.” Akanieleza jambo ambalo kwa kazi yake lilikuwa la kila siku, nami nilikuwa silijui: kwamba fedha zilizotengwa ni kitu kimoja na fedha zilizotolewa ni kitu kingine, na kwamba miradi mingi midogo hupotea katika nafasi iliyopo kati ya maneno hayo mawili. Swali likitaja moja tu, jibu linaweza kuwa kweli tupu na bado likaficha kila kitu. Alitaka pia tutaje mwaka wa fedha, ambao huanza tarehe 1 Julai, kwa sababu “mwaka huu” katika kinywa cha mwananchi na “mwaka huu” katika kitabu cha bajeti si kipindi kilekile.

Kisha akauliza swali lilipelekwa kwa nani, na hapo tukakaa muda mrefu zaidi. Barabara kuu na za mikoa husimamiwa na TANROADS iliyo chini ya wizara inayoshughulikia ujenzi, lakini barabara za mitaa ni za TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 na ulio chini ya TAMISEMI, ofisi inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Daraja la waenda kwa miguu juu ya mkondo unaoingia Msimbazi linaweza kuguswa na wengi: wenye barabara, wenye maji, wenye mazingira kwa sababu ya hifadhi ya kingo za mto, na wenye ardhi kwa sababu ya mipaka ya viwanja. Msimbazi wenyewe huanzia milima ya Pugu na kumwaga maji baharini karibu na Daraja la Selander, ukipita katika makazi ya watu wengi wa jiji ambalo sensa ya 2022 ililihesabu kuwa na wakazi 5,383,728. Tatizo la mto huo halikai ndani ya wizara moja, na swali likitumwa kwenye wizara moja tu, jibu huwa na mwanya wa kusema kwamba sehemu iliyobaki si wajibu wake. Mzee alishauri tumwombe mbunge agawanye swali letu katika maswali mafupi matatu kwa wizara tatu, kila moja likiuliza kile tu ambacho wizara hiyo haiwezi kukikana.

Tulifanya hivyo, na safari hii tuliomba majibu ya maandishi. Yalichelewa, lakini yalikuja. La kwanza lilionyesha kwamba fedha za daraja letu zilitengwa katika mwaka mmoja wa fedha na hazikutolewa, na mwaka uliofuata hazikutengwa kabisa. Lilikuwa jibu la kusikitisha, na lilitusaidia kuliko lile la kwanza lililotufurahisha. Diwani alilichukua hadi kwenye kamati ya maendeleo ya kata, na kwa mara ya kwanza mazungumzo yalihusu mwaka na kiasi, wala hakuna aliyeweza kusema kwamba wakazi wanalalamika bila ushahidi.

Najua lipo pingamizi la haki. Kila swali linaloandikwa huchukua saa za mtumishi fulani wizarani, anayepaswa kukusanya taarifa kutoka mikoani, na maswali yasiyo na mwisho yanaweza kuwa mzigo. Waingereza wenyewe wameweka kiwango cha gharama, pauni 850, ambacho kikizidi waziri anaruhusiwa kusema kwamba kulijibu swali hilo ni gharama kubwa kupita kiasi. Lakini takwimu zinazoombwa mara nyingi zinapaswa kuwa tayari zimekusanywa na wizara kwa ajili ya kazi yake yenyewe. Wizara isiyojua madaraja yake mangapi yamebomoka ilihitaji kujua hata kabla ya kuulizwa.

Mwananchi asiye na mbunge wa kumsikiliza bado ana mlango mwingine, ambao ni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa raia nafasi ya kuomba taarifa kwa maandishi na kuitaka taasisi imjibu ndani ya siku 30. Tumeitumia kidogo. Hata hivyo jibu kwa barua yangu ni langu peke yangu, na jibu kwa mbunge linabaki katika kumbukumbu za nchi, ndiyo maana bado ninaamini njia ya Bunge ni bora kwa mambo ya mtaa mzima.

Jumapili iliyopita tulikutana tena barazani, mzee mhasibu akiwa ameketi katikati, na tukakubaliana maneno ya swali la tatu, ambalo mwenyekiti atalipeleka ofisi ya mbunge wiki hii pamoja na nakala ya majibu yaliyotangulia. Linasomeka hivi: “Kwa kurejea jibu la maandishi lililotolewa kwa swali lililotangulia kuhusu daraja hili, ni kiasi gani cha fedha kimetengwa kwa ajili ya ujenzi wake katika mwaka huu wa fedha, kiasi gani kati ya hicho kimekwisha kutolewa hadi tarehe ya jibu hili, na mkandarasi atakabidhiwa eneo la kazi tarehe gani?”