Waya wa breki

Juzi mwanangu aliingia ndani na gari la waya alilolitengeneza mwenyewe, magurudumu ya vizibo, usukani mrefu wa kusukumia akiwa amesimama. Nikamuuliza waya kautoa wapi. "Kwenye baiskeli mbovu, mama. Ni wa breki." Nikaushika. Kidole kikapita juu ya zile nyuzi zilizosokotana, na bukari, ugali wetu wa mchana, ikanishinda.

Laikipia. Asubuhi ya pili, juu ya yule farasi wa rangi ya damu ya mzee.

Ilikuwa safari ya farasi huko Kenya, ya kupiga picha punda milia. (Ni Kenya ya nchi, si komini yetu, mtaa uitwao Kenya hapa Lubumbashi, Kongo; mwanangu bado anazichanganya.) Tulikuwa wageni sita, saisi wawili na kiongozi mmoja, Msamburu mpole aliyeniita dada tangu siku ya kwanza. Kazi yetu ilikuwa kupiga picha. Punda milia wa Grevy wamebaki kama 3,000 duniani, wengi wao kaskazini mwa Kenya, na milia ya mmoja hailingani na ya mwingine. Kwa hiyo unapiga ubavu wa kulia, daima wa kulia, mnyama asije akahesabiwa mara mbili. Ndivyo walivyofanya wananchi wa kawaida katika hesabu kubwa ya Januari 2016. Mtu akija kwa miguu, wanyama hawa hutimka. Akija juu ya farasi, wanainua yale masikio yao mapana ya duara, wanamtazama, kisha wanarudi kwenye majani. Niliwakaribia hadi nikaona matumbo yao meupe, hayana mstari hata mmoja.

Hapo ndipo nilipoyaona matawi.

Matawi makavu, yamelazwa pande mbili za njia ya wanyama iendayo majini, utadhani upepo ndio ulioyaangusha. Katikati pengo, upana wa kifua cha mnyama. Wenzangu walikuwa wanatazama punda milia. Mimi macho yangu yalifundishwa mahali pengine. Nikavuta hatamu. "Pale," nikasema. Kiongozi akashuka, akapapasa kwenye majani, akainua tanzi. Waya wa breki ya baiskeli, umefungwa kwenye shina la mgunga.

Akanipa koleo nikate mwenyewe. Kule mgeni hupewa kazi hiyo. Nikapiga magoti. Fundo lilizungushwa mara mbili, ncha ikarudishwa ndani isimchome mtegaji. Nililijua fundo lile. Mjomba alikuwa akilifunga hivyo hivyo, upande wa Mitwaba, mimi nina miaka minane nimemshikia ncha ya pili. Likizo zote nilizopelekwa kijijini nilikula nyama ya tanzi la namna ile. Nyingine ilikaushwa, ikasafiri nami hadi Lubumbashi, mama akaiuza, ikawa minervali yangu, karo ya shule. Kusoma kwangu kote kumepita kwenye lile pengo kati ya matawi.

Koleo liliteleza mara mbili. Mara ya tatu waya ukakatika kwa mlio mdogo, farasi wangu akatikisa kichwa. Punda milia hawakuondoka.

"Dada, una macho," kiongozi akasema. "Jana tulipita hapa hapa, hatukuona kitu. Umejuaje?"

"Nimebahatisha."

Alinitazama kitambo, akaukunja waya, akautia mfukoni. Hakuuliza tena.

Siku zilizobaki tulitoa matanzi mengine manne, tukapiga picha nyingi, tukaagana.

Punda milia wa mwisho wa Kongo wako Upemba, hifadhi ya tangu 1939, upande huo huo wa mjomba. Sikuwahi kuona ngozi yenye milia nyumbani kwake. Sikuwahi kuuliza pia, na sasa amelala ardhini. Nampenda mjomba wangu, alinilisha. Na yule kiongozi nilimdanganya, mtu aliyeniwekea koleo mkononi kwa imani. Nikifikiria ya mmoja, ya mwingine yanakataa kukaa kimya.

Mwanangu alikuwa bado amesimama, anangoja gari lake.

"Mama, ni baya?"

"Hapana, baba. Ni zuri sana." Nikamwomba anionyeshe alivyofunga fundo la usukani.