Minyaa ya Bibi na Nchi Iliyo Angani

Mwezi uliopita nilikirudia kitabu cha Kusadikika cha Shaaban Robert, nilichokisoma mara ya kwanza nikiwa sekondari. Safari hii nilikisomea barazani kwa mama, hapa Dodoma, kiangazi kikiwa kimekaza na vumbi jekundu limeganda juu ya majani ya mizabibu ya jirani. Shuleni tulifundishwa kwamba ni kitabu cha mafumbo kuhusu utawala dhalimu, kwa kuwa mwandishi aliishi chini ya ukoloni na asingeweza kusema waziwazi, na hilo silipingi. Lakini sasa kilichonishika ni jambo ambalo zamani nililipita bila kulitazama: ya kwamba Kusadikika ni nchi iliyo angani. Wenyeji wake hawana ardhi ya kukanyaga, na mwandishi alikuwa huru kuipanga atakavyo bila kumhamisha mtu yeyote.

Ndivyo zilivyo nchi nyingi za vitabuni, zile njema na zile za mateso. Mwaka 1516 Mwingereza Thomas More alichapisha kwa Kilatini habari za kisiwa cha Utopia, jina alilolitunga kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mahali pasipokuwapo. Huko kila mtu anafanya kazi saa sita tu kwa siku, fedha haitumiki, na dhahabu inadharauliwa kiasi cha kutengenezewa vyombo vya kujisaidia usiku. Ni raha kusoma. Ila kisiwa hichohicho kina miji 54 iliyojengwa kwa mfano mmoja, watu wanabadilishana nyumba kwa kura kila baada ya miaka kumi, na raia akikamatwa mara ya pili akisafiri bila kibali anafanywa mtumwa. Nilipofika kwenye nyumba za kura niliweka kitabu chini, kwa sababu nilimkumbuka bibi, mzaa mama.

Kabla sijafika kwake, niseme kwanza habari ya Kongwa, ambako basi kutoka hapa linafika kabla jua halijawa kali. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya chama cha Labour ya Uingereza, ikisumbuliwa na uhaba wa mafuta ya kula nyumbani kwake, iliamua kulima karanga katika zaidi ya ekari milioni tatu za Afrika Mashariki, na Kongwa ikawa mahali pa kuanzia. Haikuwa tamaa ya mafuta peke yake. Wakubwa wa mradi waliamini kwa dhati kwamba trekta na sayansi vingewatoa Waafrika katika umaskini. Kilichowavutia Kongwa ni kwamba palikuwa na watu wachache. Hawakuuliza vya kutosha kwa nini ni wachache, na Mgogo yeyote, mwenyeji wa huku, angewajibu kwa neno moja: maji. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta, minyororo mizito ya nanga za meli ikaburutwa kati ya matrekta mawili ili ing'oe vichaka, na mibuyu ikawashinda wengi. Mvua zilipokatika, udongo wa mfinyanzi uliganda kama tofali, na karanga zilizokuwa chini yake hazikung'oleka. Mwaka 1951 mradi ulifutwa ukiwa umekwisha kumeza takribani pauni milioni 36. Mwaka huohuo Kusadikika kilitoka kiwandani. Nadhani Shaaban Robert angeielewa Kongwa vizuri kuliko mawaziri waliokuwa wakijibu maswali juu yake huko London.

Sasa bibi. Nyumba yake ilikuwa tembe, ndefu, ya paa bapa la udongo, na uani lilikuwamo zizi. Majirani walikaa mbalimbali, na wala hilo halikuwa kosa la watu wasiopenda wenzao. Samadi ya zizi ilirutubisha shamba lililozunguka nyumba, na mvua yetu hunyesha huku ikaruka kule, kwa hiyo kaya zilizotawanyika hazikufa njaa zote kwa pamoja. Mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, malori yalifika. Bibi alituhadithia kwamba kilichomchelewesha kupanda ni kilindo cha kuhifadhia uwele, kwa sababu kilikuwa kikubwa kuliko mlango na kilikuwa kimeundiwa mle ndani. Ilibidi auchote uwele kwa kibuyu na kuumimina katika magunia, huku kijana wa mgambo akihimiza, na uliomwagika chini aliuacha kwa kuku. Kijiji kipya kilikuwa na nyumba zilizopangwa kwa mistari iliyonyooka, na shamba lake lilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu.

Ninapoandika haya sitaki kumhukumu Mwalimu Nyerere kirahisi, kwa sababu katika andiko lake la Ujamaa Vijijini la mwaka 1967 alisisitiza kwamba vijiji hivyo haviwezi kujengwa kwa nguvu, na mwaka uliofuata alirudia kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine, bali hujiendeleza wenyewe. Hapa kwetu alishiriki kwa mikono yake kufyatua matofali Chamwino. Hata hivyo, Novemba 1973 alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Kati ya andiko na amri ilipita miaka sita tu, na mtu aliyetoa vyote viwili ni yuleyule, aliyewapenda wakulima kwa moyo mmoja. Hilo linanisumbua kuliko habari ya dikteta yeyote wa riwaya za Ulaya. Mwaka 1967, ule wa Azimio la Arusha, wasomaji wa Kiswahili walipata pia Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kitabu cha George Orwell. Lakini nguruwe wanaotawala katika kitabu hicho ni walaghai, na simulizi ya walaghai haitoshi kueleza yaliyompata bibi.

Nilipofika katika habari hii nikimsomea mama, alinikatiza. Alisema, "Mwanangu, usiandike kama bibi yako peke yake ndiye aliyehamishwa." Kule tembeni shule ilikuwa mbali mno kwa mtoto wa kike. Katika kijiji kipya ilikuwa ng'ambo ya barabara, zahanati ikiwa jirani yake, na hapo ndipo alipojifunza kusoma. Bibi alipoteza zizi na shamba la samadi, na binti yake akapata kalamu, kwa lori hilohilo. Sijapata mizani ya kupima mambo haya mawili, wala sidhani ni haki kumwambia mmoja wao kwamba kipimo chake ni kidogo.

Kwa hiyo nimerudi kwa Karama, mshitakiwa wa Kusadikika, ambaye kosa lake ni kufundisha uanasheria. Anasimama mbele ya mfalme na kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta mema ya kuifaa nchi, nao waliporejea wakatiwa gerezani badala ya kusikilizwa. Zamani nilimwona Karama kama shujaa wa maneno. Sasa namwona kama mtu anayeomba lile lililokosekana Kongwa, na lililokosekana mlangoni kwa bibi siku ya malori: nafasi ya aliyekwenda na kuona, au aliyekaa na kujua, kusema kabla ramani haijakauka wino. Bibi alikuwa na la kusema juu ya mvua na samadi. Yule kijana wa mgambo hakutumwa kuuliza.

Jumamosi tulikwenda na mama kwenye mahame. Kuta za tembe zimekwisha kuyeyuka zikawa tuta, na mbuzi hupita juu yake. Lakini ua wa minyaa alioupanda bibi bado umesimama pande tatu, umekua mrefu kuliko mtu, na mama alitembea moja kwa moja hadi kwenye pengo lililokuwa mlango wa zizi, akaniita nipite pale, nisiruke minyaa.