Namba kwenye karto ya tomson

Karto (katoni) za tomson, samaki wa baharini, kutoka Namibia zinazouzwa hapa Lubumbashi huwa na namba: 16+, 20+, 25+. Ni urefu wa samaki kwa sentimita. Pale soko ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, namba hiyo inaamua bei. Kule baharini, ukubwa huo huo unaamua nani anakula na nani analiwa.

Urefu peke yake unadanganya. Urefu ukizidi mara 1,25 (25 ÷ 20), uzito huzidi mara 1,25 × 1,25 × 1,25, kwa hiyo samaki wa sentimita 25 ana karibu mara mbili ya uzito wa yule wa 20.

Baharini mlaji mara nyingi humzidi mliwa uzito mara mia hadi elfu. Katika kila hatua, takriban sehemu 1 kati ya 10 ya chakula ndiyo hugeuka nyama. Nyingine hupotea kwa kupumua, kuogelea na kinyesi. Tani 1000 za mimea midogo ya majini hutoa tani 100 za vidudu vinavyoelea, navyo hutoa tani 10 za tomson, na hao tani 1 ya merlu, samaki anayekula samaki wengine. Lakini jina halitoshi kumpanga samaki: merlu mkubwa humla hata merlu mtoto. Anavyokua, ndivyo anavyopanda ngazi.

Wadogo huunguza nguvu haraka. Uzito ukiongezeka mara 10 000, mahitaji ya chakula huongezeka mara 1000 hivi tu. Ndiyo sababu wadogo huzaana upesi, na mwaka mbaya huwaangusha upesi vilevile. Wavu unaoondoa wakubwa kwanza huiacha bahari mikononi mwa hao wenye kuyumba.

Namibia imeyaona hayo kwa uchungu. Mwaka 1968 katika bahari yake zilivuliwa sardini karibu tani milioni 1,4, kisha sardini wakaanguka. Upepo uliendelea kupandisha maji baridi yenye rutuba, chakula kikaendelea kuzalishwa, ila sehemu kubwa ikaenda kwa viwavi-maji (meduza, viumbe laini vinavyoelea), ambao walaji wao ni wachache. Kilichopotea ni njia ya kukifikisha chakula kwenye sahani.

Leo meli za kukokota nyavu haziruhusiwi penye kina kisichofika mita 200, kwa kuwa tomson wachanga hukaa karibu na pwani. Ukiona 16+ nyingi sokoni, usikate shauri haraka kwamba wakubwa wamekwisha: huenda ni meli imebadilisha eneo tu. Ushahidi ni urefu uliopimwa miaka mingi, eneo lile lile, kwa wavu wenye matundu yale yale.