Spika kwanza, kioo baadaye

Akiniuliza mtu aanzie wapi kujenga sinema ya nyumbani na mfuko wake mwembamba, simpi majibu mawili: anza na spika. Runinga uliyonayo, hata ya miaka mingi, utaivumilia. Spika zake ndizo hazivumiliki. Nyingi zimefichwa chini au mgongoni, zinaimbia ukuta, nawe unaambulia mabaki.

Gemu ya Shadow of the Colossus ndiyo iliyonifungua masikio. Ilitoka 2005 kwa PlayStation 2. Mimi niliicheza ile iliyoundwa upya kwa PlayStation 4, ya 2018. Unapanda farasi wako, Agro, mnavuka nchi pana isiyo na watu mkiyasaka majitu 16. Njiani muziki unanyamaza. Unasikia kwato na upepo, basi. Kwa spika za runinga safari zile zilinichosha, nikawa nakimbilia vita tu.

Nikajichanga, nikapata amplifaya kuukuu na spika mbili za mtumba. Jioni ya kwanza nilikaribia kulia. Besi hakuna, sauti imetapakaa chumbani haijulikani inatoka upande gani. Nikadhani nimeuziwa mizoga. Usiku wa manane nikapiga magoti nyuma ya kabati na tochi mdomoni, ndipo nikaona: kwenye spika ya kulia, waya mwekundu nilikuwa nimeuchomeka kwenye tundu jeusi. Ina maana spika moja ilikuwa ikisukuma hewa huku mwenzake akiivuta, na besi zao zinauana. Nikageuza nyaya, nikakaza. Jitu lilipokanyaga, nilisikia kwa nyayo zangu sakafuni! Usiku ule sikupigana na lolote. Nilimwendesha Agro huku na huku hadi alfajiri, nikisikiliza upepo.

Kuzipanga hakugharimu kitu. Umbali kati ya spika na spika ulingane na umbali wa kila moja hadi unapokaa, na kile kispika kidogo cha sauti nyembamba kiwe usawa wa masikio. Zangu zimesimama juu ya matofali niliyoyavika kitambaa cheusi, na ninayapenda kuliko stendi yoyote.

Projekta ilifuata baadaye sana, nayo ya mtumba. Kabla ya kulipa, ingia kwenye menyu usome taa yake imeshatumika kwa jumla ya saa ngapi. Picha ya inchi 100, kona hadi kona, inataka ukuta mweupe wa upana wa mita 2.2 hivi, na pazia zito kuliko yote, kwa sababu projekta haina mwanga mweusi. Weusi wako ni giza la chumba chenyewe. Halafu washa hali ya gemu. Kwa picha 60 kwa sekunde, kila picha hukaa milisekunde 17 tu. Mashine ikijichelewesha kuremba picha kadhaa kabla ya kuzionyesha, unabonyeza kuruka na mtu wako keshaanguka shimoni.

Subwufa bado sina, naidunduliza. Ikifika nitaiweka kwanza pale pale kwenye kochi, mahali pangu pa kukaa, niifungulie muziki wenye besi, kisha nitambae chumba kizima kichwa kikiwa chini, kona kwa kona. Pale besi itakaponijia safi bila kuvuma, ndipo nitakapoihamishia.