Uzi mweusi
Nilipotimiza miaka 47, tundu la sindano lilianza kunikimbia. Nashona vitenge hapa Birere, Goma, na uzi alikuwa akinitungia binti yangu. Daktari wa macho akanieleza: baada ya miaka 40 lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa, haijiviringi tena kutazama karibu. Akanipa lenzi za kuvaa machoni, duara ndani ya duara, sehemu ya mbali na sehemu ya karibu. Ubongo ndio unaochagua. Wiki za kwanza taa za pikipiki usiku zilivaa mataji ya mwanga, nikaudhika kweli. Na hili vumbi letu la volkano! Nanawa kwa sabuni, nakausha mikono, ndipo nazishika; maji ya bomba yasiziguse kabisa. Jana nimetunga uzi mweusi mwenyewe, kuinua macho, namwona mdeni wangu ng'ambo ya barabara anajificha nyuma ya chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo.