Kuta za Ashwell

Treni ya kutoka King's Cross, London, ilitushusha abiria wachache kituo cha Ashwell and Morden. Jina lisikudanganye: kijiji chenyewe kiko mbele, mwendo wa kilomita tatu hivi katikati ya mashamba. Kupotea si rahisi, maana mnara wa kanisa la St Mary's, wenye urefu wa takriban mita 54, unauona kabla hujaona paa la nyumba.

Kanisa hili la parokia ni la karne ya 14, na limejengwa kwa jiwe la chaki. Ni jiwe laini mno. Nje mvua imelila, na mafundi hawaishi kulitia viraka. Ndani, ulaini huohuo umekuwa neema: yeyote aliyekuwa na ncha ya kisu aliweza kuandika.

Nilichofuata kiko chini ya mnara, ukuta wa kaskazini. Mwanzoni niliona mikwaruzo tu, kisha mistari ya Kilatini ikajitokeza. Inautaja mwaka 1350, baada ya tauni: mwaka wa huzuni na ukatili, waliosalia kushuhudia ni makapi ya watu. Chini yake kuna upepo mkali wa siku ya Mtakatifu Maurus, 1361. Kwa kalenda yetu hiyo ni Januari 15, 1362, kwani Waingereza wa enzi hizo walianza mwaka Machi 25. Tauni iliingia Uingereza 1348 na kuua theluthi ya watu, pengine nusu. Takwimu hizo nilizikariri zamani bila kushtuka. Hapa nilishtuka, kwa sababu aliyeandika makapi naye alikuwa mmoja wao.

Ukuta huohuo una mchoro wa kanisa kubwa lenye mnara uliochongoka, unaodhaniwa kuwa St Paul's ya zamani ya London, ile iliyoteketea katika moto wa 1666.

Kwenye nguzo mambo ni mengine kabisa. Mmoja analalamika kwamba pembe hazikuunganishwa sawasawa, na anazitemea mate. Huyo bila shaka alikuwa mwashi. Nani mwingine angejali? Mwingine anatangaza kwamba shemasi mkuu ni punda. Nilicheka kwa sauti, mama aliyekuwa akipanga maua akageuka kunitazama. Kosa la shemasi halikuandikwa.